Karamu ya Kuandikia

Anayetaka kumjua Phelista, binti Kimaiyo wa Cheptais aliyeolewa Bokoli, asimtafute nyumbani. Nyumbani ni mwanamke kama wengine: anapepeta mbegu, anafukuza kuku, anazungumza kidogo. Amtazame Jumatano ya safari, alfajiri, anapojiandaa kwenda Kitale. Hapo ndipo tabia yake yote hutoka nje.

Viatu kwanza. Huvaa raba za kufunga kwa kamba hata akiwa na gauni la kitenge, kwa sababu mwanamke wa kandambili, kwa maneno yake, ni mwanamke aliyekwisha kuamua kwamba hatakimbia. Kisha leso mbili: moja ya kiunoni, nyingine ya kufungia jeraha, lake au la mwenzake. Chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe. Viazi vitamu viwili ndani ya karatasi, kwa kuwa njiani hali cha mtu wala hanywi. Siku hizi mtu anakukaribisha soda huku anacheka, na ndani ametia ile dawa ya kulevya ambayo watu wa mjini wameipa jina la mchele. Unaamka kesho yake kando ya mtaro, huna viatu wala hujui jina lako. Filimbi ya refa huining'iniza shingoni, ndani ya nguo. Nauli ya kurudi huishona kwenye ukosi. Na kwenye gari hukaa nyuma ya dereva, kamwe si karibu na mlango.

Wanawake wenzake humcheka. "Mama Joan anaenda vita," husema wakimwona. Yeye huwajibu kwamba vita huwa na siku yake, barabara haina.

Biashara yake ni mbegu za mboga za kienyeji: mrenda, saga, managu, mitoo. Huzikusanya kwa akina mama wa Bokoli na wa kwao Cheptais, akazikausha, akazichambua kwa mkono, akazipeleka wiki hii Bungoma na wiki ijayo Kitale. Ni mwaka wa kumi na moja sasa. Ni kazi ya ajabu ukiifikiria. Mbegu hizi zilikuwa zikining'inia juu ya moshi katika kila jiko, na kila mke mpya alipewa kibuyu chake na mama mkwe. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba mbegu ya mrenda inanunuliwa. Sasa moshi hakuna, kibuyu hakuna, na watu waliokuzwa kwa mrenda wanasimama dukani Kitale wakiuliza bei ya pakiti. Phelista hakuileta hali hiyo. Aliikuta, akaona riziki ndani yake.

Hata safari si safari tena. Mume wa Phelista ni Wekoye, na babu yake Wekoye alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Bokoli hadi Kitale, siku mbili, na silaha yake ilikuwa fimbo na jina la ukoo. Jua likimchwea njiani, huko Kamukuywa, alisimama kwenye uwanja wa mtu asiyemjua, akataja ukoo wake na mwaka aliotahiriwa. Akipatikana hapo mwanamume wa mwaka ule ule, maneno yamekwisha: hao ni makoki, wamemwaga damu msimu mmoja, na mlango wa mmoja ni mlango wa mwingine. Leo ukisimama kwenye uwanja wa mtu usiyemjua, atakufungulia mbwa, au atakupiga picha aisambaze.

Miaka minne iliyopita akina mama wafanyabiashara waliitwa kwenye semina katika ukumbi wa kanisa, Bungoma mjini. Mkufunzi alikuwa msichana wa Nairobi, mwenye sauti ya upole na miwani mikubwa, na alikuja kuwafundisha usalama wa safarini. Mengi ya aliyosema msichana huyo, Phelista alikuwa akiyafanya kabla mwenzake hajaota meno. Jambo moja tu lilikuwa jipya: kila mmoja abebe kadi yenye jina lake, namba za simu za watu wawili, ugonjwa alio nao, na dawa zinazomdhuru.

Phelista aliiandika kadi, lakini nusu. Namba aliweka moja tu, ya Wekoye. Mwenye namba nyingi, alisema, ana matundu mengi. Na kuhusu dawa hakuandika chochote, ingawa alikuwa na la kuandika. Alipomzaa Joan, miaka ishirini na sita iliyopita, alidungwa sindano hospitalini, koo likamfunga, uso ukavimba, akarudishwa duniani kwa shida. Daktari aliliandika jina la dawa ile kwenye karatasi, karatasi ikaingia katika mkebe wa majani chai ambamo huwekwa vyeti vya nyumba, na Phelista hakujisumbua kulishika jina lenyewe. Lilikuwa refu, la kizungu. Tena mama yake alimlea kwa kauli moja: kinachoweza kukuua hakisomwi barabarani. Kumwonyesha mgeni udhaifu wa mwili wako ni kumpa panga na kumgeuzia kisogo. Msichana wa Nairobi alimwambia kwamba hayo ni mambo ya kale. Na ni kweli, ni ya kale. Yalifaa kale, wakati hakuna mtu aliyeumia mbele ya watu wasiomjua.

Badala ya dawa, aliandika neno.

Sababu ilikuwa jirani yao mmoja. Alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya huruma, ati mkeo amepata ajali, yuko mahututi, tuma pesa ya dawa upesi. Akatuma. Jioni mke akaingia uani na kabichi kichwani, mzima kama kengele, akauliza mbona watu wanalia. Baada ya hapo Wekoye na Phelista wakapatana. Yeyote atakayepiga simu kuhusu Phelista ataje neno lao. Akilikosea, Wekoye akate, azime simu kabisa, asibishane. Mwizi wa simu ni kama maji, walikubaliana. Ukimpa muda atapata ufa.

Neno lenyewe lilitoka siku ya posa yao. Wazee wa Bokoli walipanda Cheptais kuzungumza mahari. Hawa ni Wabukusu, wale ni Wasabaoti. Lugha ya katikati ikawa Kiswahili, na kila upande ukakishika kwa mkono wake. Ng'ombe walipokubaliwa, mzee Wakoli, baba yake Wekoye, alitaka iandikwe idadi yao isije ikageuka. Ulimi wake ulikuwa ule wa Bungoma, unaoweka r palipo na l na l palipo na r. Akasema kwa heshima zote, "Wakwe zangu, basi tuletewe karamu."

Upande wa Cheptais, mzee Kimaiyo akawatazama wenzake. Mazungumzo hayajafungwa, na mgeni anaagiza kulishwa? Mwishowe akajibu kwa ubaridi kwamba kwao mkwe hula anapopewa.

Mzee Wakoli naye akashangaa. "Si ya kura, bwana," akasema. "Karamu ya kuandikia."

Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa mikono ya makoti, na inasemekana kicheko kile kilipunguza ng'ombe mmoja. Tangu siku hiyo, katika nyumba ya Wekoye, kalamu haikuitwa kalamu tena. Kwa hiyo lilipotafutwa neno la siri halikutafutwa mbali. Mwizi anaweza kujua jina la mtu, kijiji chake, hata rangi ya ng'ombe wake. Kosa la mzee Wakoli angelijulia wapi? Phelista akaandika kwa herufi kubwa: NENO: KARAMU YA KUANDIKIA. Akaifunga kadi kwa nailoni na kuishona ndani ya pindo la gauni.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tatu, mvua za kwanza zimenyesha, watu wote wanataka mbegu. Phelista alifika Kitale saa tatu, salama, akashuka na gunia lake. Lazima isemwe wazi kwamba alikuwa amesimama. Hakupanda pikipiki, hakukimbilia gari, hakukata barabara. Alikuwa amesimama pembeni, mbele ya duka la mteja wake Alwi, akingoja njia iwe wazi. Pikipiki ikapita na kitanda cha chuma kilichofungwa mkingamo nyuma ya dereva, kikijaza nusu ya barabara. Dereva alikwepa mkokoteni. Kitanda hakikukwepa. Kona yake ilimpiga Phelista kwenye taya, akaangukia mkono wa kulia ukateguka, na simu yake ikaruka barabarani ikakanyagwa na lori.

Watu walijaa. Wengi walitoa simu zao wakapiga picha. Hakuna aliyepiga simu. Filimbi ilikuwa shingoni, lakini filimbi hutaka mdomo, na mdomo haukuwa wake tena. Aliyemwinua ni Alwi. Alitoka dukani na kofia yake ya kufuma, mzee wa miaka sitini na minane, akawasukuma waliosimama kwa bega, akamfunga taya kwa ile leso ya pili. Duka akamwachia mkewe Nasro, wakaondoka kwa tuktuk hadi kituo kimoja kidogo cha afya upande wa Tuwan.

Tabibu aliyekuwa zamu aliitwa Kipkemei, kijana mtulivu, na muuguzi aliitwa Nasimiyu, mzaliwa wa Bungoma. Walimlaza. Kipkemei alieleza kwamba taya limevunjika na mfupa umepasua ngozi. Atasafishwa, atapewa sindano ya kuzuia kidonda kisioze, ndipo apelekwe hospitali kubwa akaungwe. Nasimiyu akavuta dawa kwenye sindano.

Phelista aliiona. Akanyanyua mkono wa kushoto akausukuma mkono wa muuguzi. Walidhani ni woga. Nasimiyu akambembeleza, akarudi, akasukumwa tena. Mara ya tatu Kipkemei akainama usoni pake.

"Mama, kuna dawa inayokukataa?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kipkemei akamtajia majina, moja baada ya jingine. Phelista alimtazama kama mtu anayesomewa orodha ya wageni wa harusi ya watu wengine. Yote yalikuwa marefu, yote ya kizungu. Tabibu akanyoosha mgongo. Alimwambia Alwi kwamba bila kujua ni dawa ipi, kila chupa iliyomo humo ndani ni bahati nasibu, na kidonda cha namna ile hakiwezi kungoja jioni. Alwi alimjua Phelista kama mtu anavyomjua anayemletea mbegu nzuri. Kijiji chake alikijua, ya mwilini mwake hakuyajua.

Hapo Phelista akaanza kugonga pindo la gauni. Alwi akakata uzi kwa wembe, akatoa kadi, akaisoma, uso ukamng'aa. Namba ya mume hii hapa, na neno hili hapa.

Ni vizuri Alwi ajulikane kabla hajapiga simu hiyo. Babu yake alitoka pwani wakati reli inafika bara, akabaki, akazaa, na katika vyote alivyowaachia wajukuu wake, kilichobaki kamili ni lugha. Alwi hakuweza kuvumilia Kiswahili kibovu. Mteja akiomba "mboreo" hakumpa mpaka aseme mbolea, na vijana wa sokoni walikuwa wakimwendea makusudi kuagiza "blashi ya langi" ili wamsikie akifoka. Phelista alimpenda kwa hilo. Yeye ulimi wake ni wa mlimani, r na l zake zimekaa mahali pake, na Alwi aliwahi kumwambia kwamba ndiye mtu pekee wa upande wa Bungoma ambaye hamtii kichomi. Mzee huyo ndiye aliyeshika kadi.

Simu ya Wekoye ni ya kubonyeza, haina picha. Iliita mara nne. Alwi aliweka sauti ya nje ili wote wasikie, akajitambulisha kwa utaratibu, akaeleza ajali, akasema mgonjwa hawezi kuzungumza na tabibu anataka jina la dawa.

Wekoye hakuuliza lolote. "Sema neno," akasema.

"Ninalo. Kalamu ya kuandikia."

Phelista akafungua macho yote mawili.

"Rudia," sauti ya Wekoye ikasema, pole pole.

"Kalamu, bwana. Kalamu ya kuandikia."

Phelista alipiga godoro kwa kiganja. Nasimiyu akamshika bega akidhani ni maumivu. Aligonga tena, akatoa mlio wa kooni uliokuwa na hasira kuliko uchungu, na Alwi akainua kidole kumwomba atulie, anazungumza.

"Wewe umesoma, ndugu," Wekoye akasema. "Nasikia. Unasema Kiswahiri kizuri sana. Sasa huko shuleni si wangekufundisha na kazi?"

"Bwana Wekoye, mkeo yupo hapa mbele yangu, anavuja damu."

"Jirani yangu pia aliambiwa hivyo. Mke wangu ameenda safari yake, atarudi salama. Mwambie aliyekutuma akurudishie nauli."

Simu ikakatika. Alwi akapiga tena, imezimwa. Akapiga mara ya tatu, ya nne. Imezimwa.

Phelista alilala akitazama mabati ya dari. Hakuwa na la kumlaumu mumewe. Alikuwa amefanya walivyopatana, kwa mpangilio ule ule: amesikiliza, amerudisha swali, amekata, amezima. Ufa haukupatikana. Walikuwa wamejenga ukuta mzuri, wao wawili, miaka minne, na leo yeye ndiye aliyekuwa nje.

Alwi alishindwa kuelewa. Alisema labda mume hamtaki mkewe, mambo hayo yapo. Nasimiyu akaichukua kadi kutoka mkononi mwake, akaisoma jinsi ilivyo.

"Mzee," akasema, "mbona hapa pameandikwa karamu?"

"Nimeona. Amekosea kwa haraka. Karamu huliwa, haiandiki."

Mkono wa Phelista ukanyanyuka, ukamshika Nasimiyu nguo, ukamtikisa. Nasimiyu akamtazama, akatazama kadi, akasema tena kwa sauti, kama angesema mama yake mzazi, "Karamu ya kuandikia." Phelista akaitikia kwa kichwa mpaka machozi yakaruka. Kwa kidole akabonyeza ile R kwenye nailoni, mara nyingi, kama anayesugua doa.

Muuguzi alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Mzee, si ungesoma tu kilichoandikwa? Kwetu hiyo ndiyo karamu yenyewe."

Alwi alikaa kwenye benchi. Alivua kofia, akaiweka gotini. Alikuwa ameipigania lugha maisha yake yote mbele ya watu wasiomshukuru, na huenda hakuna mwingine Kitale nzima ambaye angelisoma neno lile vile alivyolisoma yeye. Aliomba radhi kwa sauti ndogo. Kisha akasimama, akamuuliza tabibu wana muda gani. Kipkemei akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Alisema ikifika saa tisa bila jibu, itambidi achague chupa mwenyewe na kuomba Mungu.

Yaliyofuata Phelista aliyajua baadaye, kwa kusimuliwa. Alwi alikwenda kwenye steji ya magari ya Webuye kutafuta mtu wa kupeleka neno Bokoli kwa mdomo. Zamani hilo lisingehitaji hata kuombwa. Barua, mgonjwa, kuku, habari ya msiba, vyote vilipakiwa kwenye gari lolote, na vilifika, kwa sababu aliyebeba alijua ataulizwa. Sasa kijana wa kwanza alimwambia amtumie ujumbe kwa simu. Wa pili alisema hashuki Bokoli. Wa tatu, kwa adabu zote, alisema watu wengi wamekamatwa kwa kubeba habari za watu. Alwi akaanza kutangaza kwa sauti, katikati ya steji, kama muuza samaki: nani hapa anamjua Wekoye, mwana wa Wakoli, wa Bokoli?

Aliyegeuka ni mwanamume mnene aliyekuwa akifunga maturubai juu ya pikapu yenye vifaranga vya kupeleka Misikhu. Aliitwa Wabwile.

"Wekoye yupi? Aliyetahiriwa themanini na sita? Yule njuga zilimkatika katikati ya ngoma akaendelea kucheza na moja?"

Alwi alisema hajui mambo ya njuga. Anajua mke wa mtu huyo yuko kitandani na maneno matatu tu ndiyo yatakayomfungulia mlango.

"Huyo ni makoki wangu," Wabwile akasema. Hakuuliza nauli wala ushahidi. Alwi alimfanya aliseme lile neno mara tatu, na mara zote tatu, kwa ulimi wake wa kuzaliwa, alilisema sawasawa, yaani kwa kosa lake. Alwi akamwandikia pia namba yake mwenyewe ya simu, Wekoye apate kuipiga. Vifaranga vilikwenda Bokoli kabla ya Misikhu.

Kule kituoni walingoja. Nasimiyu alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akabadilisha kitambaa, akabadilisha tena. Saa saba uso wa Phelista ulianza kuwa na joto. Kipkemei alikuja mara kwa mara, akagusa paji la uso, akaenda. Alwi alirudi, akaswali adhuhuri kwenye kona ya chumba juu ya koti lake, kisha akakaa na simu mkononi akiitazama kama mtu anayetazama yai.

Wabwile alimkuta Wekoye shambani akipalilia maharagwe. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, imezimwa. Wekoye alikuwa amepalilia mistari sita bila kupumzika, kwa namna ya mtu ambaye hataki mikono yake ipate nafasi. Alimwona mwenzake akikanyaga mimea bila kubisha hodi, akajua. Wabwile alilitaja neno, lakini Wekoye alisema baadaye kwamba hakulihitaji. Alikwisha kuuona uso.

Saa nane na dakika kumi simu ya Alwi ikalia.

"Mzee," sauti ya Wekoye ikasema, ikihema kama mtu aliyekimbia, "mimi ndiye. Karatasi ninayo hapa. Niandikie." Akaanza kusoma herufi moja moja, kwa Kiingereza cha shule ya msingi, na alipofika ya tano Kipkemei akammalizia: ni penisilini.

Nasimiyu alitazama trei. Sindano aliyoivuta asubuhi ilikuwa bado hapo, imefunikwa kwa pamba. Aliichukua bila kumtazama mtu, akaimwaga kwenye sinki, akafungua maji mengi.

Kipkemei alitafuta kabatini akatoa dawa ya ukoo mwingine. Lakini alikuwa mkweli. Alimwambia Phelista, na Wekoye akisikia kwenye simu, kwamba mwili uliokataa moja unaweza kukataa nyingine, mara chache lakini yapo. Ataiingiza pole pole kwa dripu, na kwa robo saa watamwangalia. Koo likianza kubana, agonge kitanda.

Phelista aliitikia kwa kichwa. Mrija ukaunganishwa. Tone la kwanza likashuka, la pili, la tatu.

Alwi aliweka simu kwenye mto, karibu na sikio la mgonjwa. Kutoka humo zilisikika pumzi za Wekoye, na mbali nyuma yake vifaranga mia mbili vikilia juani. Phelista aliisikiliza shingo yake mwenyewe. Alimeza mate, yakapita. Akangoja, akameza tena. Nasimiyu alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake akihesabu mapigo kwa midomo. Mara moja Wekoye alisema, "Mama Joan, nilizima simu," wala hakueleza sababu, kwa kuwa alijua kwamba mkewe anaijua.

Robo saa ikapita. Kipkemei alimmulika macho, akasikiliza kifua, akafungua mrija ushuke kwa kasi kidogo. Alisema gari la kumpeleka hospitali kubwa litafika saa kumi, kwa sasa apumzike. Macho ya Phelista yakafumba.

"Amelala?" Wekoye akauliza.

Alwi akainama akasikiliza. "Amelala, anapumua vizuri. Nikate sasa? Weka nguvu zako kwa safari ya kuja."

"Ngoja, mzee," Wekoye akasema. "Makoki wangu analeta gari hapa mlangoni. Mpaka niingie garini, usikate."

Alwi hakukata.